UZI: Mfuko wa hisa uliopata 29% kwa mwaka kwa miaka 13. Meneja alichaguaje, na ile faida aliila nani?

#1 Mhasibu wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye grupu la kikundi chetu (tuko 14, tunaweka akiba tangu 2019) binamu yangu katupia picha ya mstari mwekundu unaopanda kama mkwezi na mnazi. Chini yake imeandikwa: mfuko wa hisa, faida 29% kwa mwaka. Akaongeza la kwake: "Sisi hela yetu imelala, wenzetu wanaokota." Haikufika nusu saa, watu sita wameshakubali tuvunje akaunti ya muda maalumu. Mimi nikaomba siku tatu nisome kwanza. Nikaitwa mwoga, nikanyamaza.

Nimesoma. Namba ile ni ya kweli kabisa. Ni ya mfuko unaoitwa Magellan, wa kampuni ya Fidelity ya Boston, Marekani. Ila ni ya kuanzia Mei 1977 hadi Mei 1990, mikononi mwa mtu mmoja, Peter Lynch. Yaani mbio zenyewe ziliisha kabla nusu ya wanakikundi hatujazaliwa.

Kilichonikalisha macho hadi saa saba usiku ni namna ilivyopatikana, na yaliyoupata mfuko baada ya huyo bwana kuondoka. Nitashusha kwa awamu, naandika kwa simu.

Kwa wasiojua mfuko: ni hela za watu wengi kwenye kapu moja, unauziwa vipande. Jioni wanahesabu hisa zote zilizomo kwa bei ya siku, wanatoa madeni, wanagawa kwa idadi ya vipande. Hiyo ndiyo thamani ya kipande chako. Wenye vipande vya mfuko wa Umoja pale UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji Tanzania, hesabu hii wanaijua. Jambo la kuuliza ni nani anaamua kapu libebe nini. Kuna mifuko isiyochagua, inabeba soko zima kama lilivyo kwenye fahirisi, yaani ile orodha ya kampuni inayotumika kupima soko. Na kuna yenye meneja anayelipwa ili achague: hii nachukua, ile naacha. Magellan ni wa aina hii ya pili.

Lynch alifiwa na baba akiwa na miaka 10. Akawa anabeba mikoba ya wacheza gofu kwenye klabu ya Brae Burn, Massachusetts. Mmoja wa aliowabebea alikuwa George Sullivan, rais wa Fidelity. Mwaka 1966 akapata pale kazi ya likizo. Koneksheni, tusidanganyane. Lakini koneksheni inakuingiza mlangoni tu, na hesabu za kampuni utazisoma mwenyewe.

Mwaka 1977 akakabidhiwa Magellan ukiwa na dola milioni 18. Ulikuwa mdogo na ulikuwa umefungwa, haupokei wateja wapya. Wamarekani walikuwa bado na kidonda cha anguko la soko la 1973–74, hisa hawataki kuzisikia. Katika miaka yake minne ya kwanza, theluthi ya vipande ilirudishwa na wenyewe, watu wanachukua chao wanaondoka. Sasa meneja ambaye haingiziwi hela mpya akitaka kununua kitu lazima auze kingine. Ndiyo maana miaka ile kapu lake liligeuzwa zaidi ya mara tatu kwa mwaka.

Hapo nataka mpasikie vizuri. Mfuko ulikuwa mwanzoni mwa mbio zake bora kabisa, na wenye vipande walikuwa wanauza.

Nakuja na awamu ya pili, alivyokuwa anachagua.

#2 Kifaru Mweupe

Nimevuta kiti, kahawa ipo. Shusha nondo mkuu.

#3 Bwana Shilingi

Uzi mrefu. Weka muhtasari: ninunue nini?

#4 Mhasibu wa Zamu

@Bwana Shilingi mkuu, ukifika mwisho wa uzi ukaona bado unataka kuniuliza nikuchagulie, tutajua nimeandika vibaya.

Awamu ya pili.

Lynch alikuwa hatabiri uchumi. Alikuwa anatembea. Mwaka 1986 peke yake alitembelea kampuni zaidi ya 500. Zaidi ya kutembea alikuwa na tabia moja nimeipenda sana: akiongea na bosi wa kampuni, kabla ya kuondoka anamuuliza, kati ya washindani wako unayemheshimu ni nani? Mtu kumsifia mshindani wake ni nadra, kwa hiyo akimsifia jua kuna kitu.

Siku moja alikuwa anaongea na mkubwa wa kampuni iliyoendesha hoteli za Holiday Inn. Akauliza swali lake. Akajibiwa: La Quinta, wanatumaliza huko Houston na Dallas. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia jina hilo. Akafuatilia, akakuta wanauza chumba kwa bei ya chini kwa karibu 30% kuliko Holiday Inn na bado wanapata faida. Mbona? Wameondoa mgahawa, wameondoa kumbi za mikutano, wamebaki na kitanda, bafu na televisheni. Mgeni wa biashara analala, asubuhi anakwenda zake, chai anakunywa mgahawa wa jirani. Lynch kabla hajanunua hisa hata moja akaenda kulala kwenye hoteli tatu tofauti za La Quinta. Anakagua godoro!

Halafu kuna kisa cha soksi. Mkewe Carolyn alirudi kutoka supamaketi na soksi ndefu za kike, zile za hadi kiunoni, zinaitwa L'eggs. Zilikuwa zinauzwa ndani ya yai la plastiki, kwenye kistendi karibu na pa kulipia. Kabla ya hapo soksi za maana zilikuwa za maduka makubwa ya nguo, ambako mwanamke anaenda mara moja kwa wiki kadhaa. Sokoni kwenye vyakula anaenda kila wiki. Carolyn akazisifu: haziachii uzi haraka. Lynch akaichimba kampuni iliyozitengeneza, Hanes, akanunua.

Mshindani akaja na soksi zake, No Nonsense, kwenye kistendi vilevile. Lynch akanunua pea 48, rangi na mitindo tofauti, akagawa ofisini: nendeni nazo nyumbani, mniletee majibu. Majibu yakarudi: za kawaida tu, L'eggs ni bora. Akabaki na Hanes. Ikapanda kama mara sita kabla haijanunuliwa na kampuni kubwa zaidi.

#5 Mama Vipodozi

Kaka yangu, hapo kwenye soksi umenigusa. Mimi nina fremu ya vipodozi Kariakoo mwaka wa kumi na moja. Najua ni sabuni gani inatoka katoni nne kwa wiki na ni losheni gani mteja anaishika, anainusa, anairudisha. Kumbe nimekaa juu ya hela? Zile kampuni zinazotengeneza si nyingine ziko kwenye soko la hisa?

#6 Mhasibu wa Zamu

@Mama Vipodozi dada yangu, umekaa kwenye nusu ya kazi yake. Watu wengi walimsikia Lynch akisema "nunua unachokijua" wakaishia hapo. Wakipenda kahawa ya mahali wananunua hisa za mahali. Yeye kilichomtoa nyumbani ni soksi, lakini kilichomfanya anunue ni hesabu.

Swali lake la kwanza kwa bidhaa inayotoka sana lilikuwa hili: ni sehemu gani ya faida ya kampuni nzima? Kwa Hanes, L'eggs ilikuwa kubwa kiasi cha kuisukuma kampuni. Chukua Pampers. Ilitoka kama njugu, lakini Procter & Gamble ina sabuni, dawa za meno, kila kitu. Pampers ikipaa, ndege yote haipai nayo. Sabuni yako ya katoni nne ikiwa ni moja ya bidhaa mia tatu za mwenye kiwanda, hisa yake haitajua kama uliuza.

La pili, bei. Unachukua bei ya hisa unaigawa kwa faida ya hisa moja, unapata miaka mingapi ya faida unailipia. Halafu unailinganisha na kasi ya faida kukua. Faida inakua 20% kwa mwaka na wewe unalipia miaka 10? Hapo unakaa mkao wa kula. Inakua 8% na unalipia miaka 40? Kampuni nzuri, ila bei yake imeshakula utamu wote.

La tatu, deni na taslimu. Hapa kuna kisa cha Chrysler. Mwaka 1982 ile kampuni ya magari ilikuwa ya kuzikwa, serikali ilishaidhamini mikopo ili isife. Lynch mwanzoni alikuwa anaiangalia Ford, ila katika kulinganisha akaona kitu kwenye mizania ya Chrysler, ile orodha ya mali na madeni yake: taslimu zaidi ya dola bilioni 1, sehemu yake imetoka kwenye kuuza kitengo chao cha vifaru vya jeshi. Akasema, mwenye bilioni mkononi hafi mwaka huu, wala pengine mwaka kesho. Wakati gazeti linaandika habari ya msiba, yeye alikuwa anahesabu miezi ambayo mgonjwa ana uhakika wa chakula. Akanunua hadi Chrysler ikafika 5% ya mfuko, ambao ndio mwisho uliokuwa unaruhusiwa wakati wa kununua. Ilimlipa vizuri sana.

Fannie Mae, ya mikopo ya nyumba, ndiyo ilimpa kuliko zote: zaidi ya dola milioni 500 kwa Magellan peke yake. Hiyo sitaieleza, inahitaji uzi wake.

Na alikosea sana tu. Mwenyewe alikuwa anasema ukipatia mara sita katika kumi, wewe ni hodari. Inawezekanaje ukose mara nne na bado upate 29%? Kwa sababu hisa ikifa unapoteza ulichoweka, basi. Ikipaa inaweza kwenda mara kumi. Moja ya mara kumi inazika maiti tano na sanda juu.

#7 Njia Panda, Nairobi

Naomba kuuliza boss. Kama hii njia imeandikwa wazi hivyo, kila mtu akaisoma, mbona mameneja wote hawapati 29%? Huku kwetu watu wamejazana kwenye mifuko ya soko la fedha, ile ya kukopesha serikali na benki kwa muda mfupi. Ukitaja mfuko wa hisa mtu anakimbia. Wengine tulinunua Safaricom 2008 kwa shilingi 5 na tukaiona ikilala chini ya hapo miaka.

#8 Mhasibu wa Zamu

@Njia Panda swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Chukulia sinia la pilau, watu kumi. Nyama ziko ishirini, wastani ni mbili kwa mtu. Mjanja akichota tano, zile tatu za ziada zimetoka kwenye mgao wa wengine. Soko la hisa kwa mwaka mmoja liko hivyo: faida ya soko zima ndiyo nyama zote. Wanaochagua wakiwekwa pamoja wamelishika soko lenyewe, kwa hiyo wastani wao kabla ya gharama ni soko lenyewe. Halafu wanatoa mshahara wa meneja, wachambuzi, dalali wa hisa kila wakigeuza kapu, matangazo. Wastani unashuka chini ya soko. William Sharpe, mchumi aliyepata Nobel, aliiandika hoja hii mwaka 1991 kwenye kurasa chache tu, na bado sijaona mtu aliyeivunja.

Wala haisemi hakuna anayeshinda. Lynch alishinda, tena kwa mbali. Inasema washindi wanalipwa na walioshindwa, na wote wawili wanalipia kiingilio. Ripoti ambazo S&P (watengenezaji wa fahirisi) hutoa za kulinganisha mifuko inayochagua na fahirisi zinaonyesha kwa miaka 15 karibu tisa katika kumi ya mifuko ya hisa kubwa za Marekani hubaki nyuma ya fahirisi ya kampuni kubwa 500 za kule, S&P 500.

Tena kuna maiti ambazo hazihesabiwi na watangazaji. Mfuko ukifanya vibaya unaunganishwa na mwingine, jina linafutwa, rekodi yake inapotea kwenye jedwali la tangazo. Magellan wenyewe uliumeza mfuko wa Essex mwaka 1976 na wa Salem 1981. Leo nani anatuma picha ya mstari wa Essex kwenye grupu la WhatsApp?

#9 Kifaru Mweupe

Hii ya Essex imeniua 😂

#10 Mzee wa Hati Fungani

Mleta uzi, unavunja watu moyo. Huyu kaingia na milioni 18 katoka na bilioni 14. Waliokuwa naye wametajirika. Elfu moja iligeuka elfu ishirini na nane. Mnasoma mpaka mnapitiliza.

#11 Mhasibu wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Hapo pa milioni 18 na bilioni 14 ndipo nilipokaa na kikokotoo, naomba tuhesabu wote.

29% na kitu, miaka 13, inazidisha hela mara 28. Sawasawa na elfu yako moja. Sasa zidisha milioni 18 mara 28. Unapata kama milioni 504. Nusu bilioni, mzee. Mfuko uliisha na bilioni 14. Zile bilioni 13 na nusu zilitoka wapi? Ni hela za watu walioingia baadaye, wengi baada ya kufunguliwa tena 1981, wengine wengi zaidi baada ya jina lake kuwa wimbo, pamoja na faida waliyopata kwa miaka waliyokaa. Kufikia 1990 wenye vipande walikuwa zaidi ya milioni moja. Waliokuwepo 1977 wakakaa kimya miaka yote 13 ni kiganja.

Tena aliyeingia alitozwa 3% mlangoni. Ukileta milioni, elfu thelathini inabaki kaunta kabla hujanunuliwa hata hisa moja.

Na kulikuwa na Oktoba 1987. Alhamisi tarehe 15 Lynch na mkewe waliondoka kwenda Ireland kucheza gofu. Ijumaa soko likayumba. Jumatatu tarehe 19 fahirisi ya Dow Jones ikaanguka pointi 508, yaani 22.6% kwa siku moja. Magellan ukapoteza karibu dola bilioni 2 siku hiyo. Wateja wanapiga simu wanataka chao, hivyo meneja, hata kama anaona hisa zimekuwa rahisi, inabidi auze kwa bei ya msiba ili awalipe wanaokimbia. Lynch alikatisha likizo akarudi. Mwaka ule wote mfuko ulifunga na faida ya kama 1%. Lakini yule aliyeingia Septemba akatoka Oktoba 20, yeye hana hiyo 1%, wala hana 29%. Ana hasara tu, na ndani ya mfuko bora wa karne.

Rekodi ni ya mfuko. Yako inaanza siku uliyolipa.

#12 Mzee wa Hati Fungani

Marahaba. Hesabu imekaa. Bado nasema mtu angekaa tu.

#13 Mhasibu wa Zamu

Nakubali mzee, angekaa hadi Mei 1990. Siku hiyo Lynch aliondoka akiwa na miaka 46, umri aliofia baba yake. Alikuwa anafanya kazi siku sita kwa wiki, na alitaka kuwaona watoto wake wakiwa bado watoto. Sasa wewe una vipande. Unafanyaje? Hapa ndipo stori inakuwa tamu, na matangazo huwa hayafiki.

Kwanza ukubwa. Sheria ya Marekani ya 1940 inaubana mfuko wa namna hii: kwa robo tatu ya mali zake, usizidishe 5% kwa kampuni moja na usishike zaidi ya 10% ya kura za kampuni hiyo. Fikiria kampuni ndogo nzuri yenye thamani ya dola milioni 200, ambayo itapanda mara kumi. Ukiwa na mfuko wa milioni 18, unaweka 5%, yaani laki tisa. Ikipanda mara kumi, mfuko mzima umeongezeka 45%. Kampuni moja tu! Ukiwa na mfuko wa bilioni 14, sana sana utashika 10% ya ile kampuni, yaani milioni 20. Ikipanda mara kumi, mfuko umeongezeka kama 1.3%. Jicho lilelile, kampuni ileile, matokeo mbingu na ardhi. Ndiyo maana Lynch alifika kushika hisa za kampuni zaidi ya 1,400. Na nusu ya hela ilikuwa kwenye mia tu za juu. Nyingine alizishika kidogokidogo, ili awe nazo jirani akiendelea kuzichunguza.

Baada yake akaja Morris Smith, miaka miwili. Kisha Jeff Vinik. Vinik alikuwa hodari, lakini mwishoni mwa 1995 aliona hisa za teknolojia zimepanda mno, akauza, akaweka karibu theluthi moja ya mfuko kwenye hati fungani (yaani kukopesha serikali na kampuni kwa riba) na taslimu. Mfuko wa hisa wa mabilioni umegeuka nusu-benki! Soko likaendelea kupanda bila yeye. Wateja wakapiga kelele, mwaka 1996 akaondoka. Hakuwa mjinga, maana alianzisha mfuko wake binafsi ukafanya vizuri mno, na baadaye akanunua timu ya mpira wa magongo ya barafuni, Tampa Bay Lightning. Sema waliomlipia kujifunza hilo la 1996 ni wenye vipande vya Magellan.

Robert Stansky akashika hadi 2005. Mfuko ulikuwa mkubwa hivi kwamba Septemba 1997 wakaufunga usipokee wateja wapya. Kufikia mwaka 2000 ulikuwa umeshavuka dola bilioni 100. Na mwaka uleule, Aprili, ukapitwa kwa ukubwa na mfuko wa fahirisi wa kampuni ya Vanguard, ule usiochagua. Ule wa Vanguard ulianza 1976. Walitarajia kukusanya dola milioni 150, wakapata milioni 11.3, Wall Street wakamcheka mwanzilishi, John Bogle.

Lawama kubwa kwa Stansky ilikuwa kwamba kapu lake lilifanana na S&P 500 yenyewe. Hapo mteja anauziwa chai kwa bei ya maziwa. Unalipa ada ya kuchaguliwa na unapewa soko.

#14 Njia Panda, Nairobi

Na baadaye je?

#15 Mhasibu wa Zamu

Akaja Harry Lange, 2005. Yeye akaamua kurudi kwenye kuchagua kwelikweli, hisa zinazokua kwa kasi. Januari 2008, baada ya miaka kumi ya kufungwa, wakaufungua mlango tena: karibuni.

Januari 2008, wakuu. Mwaka ule S&P 500 ilianguka 37%. Magellan ulianguka 49%. Lange alipoondoka 2011 mfuko wa bilioni 100 ulikuwa umebaki chini ya bilioni 20. Upo hadi leo, na mwaka 2019 meneja alibadilika tena.

Jina ni lilelile. Picha ya binamu ina haki ya kulitumia. Lakini mtu aliyelala La Quinta tatu hayupo.

#16 Bwana Shilingi

Nimesoma wote, nakiri. Lakini kuna mahali nakupinga. Hiyo sinia ya pilau yako ni ya Marekani, ambako wachambuzi elfu wanaisoma kampuni moja. Soko la Dar kampuni zilizoorodheshwa hazifiki hata arobaini, na kuna hisa zinamaliza siku nzima hakuna aliyeuza wala kununua. Kampuni inatoa hesabu zake, wanaozisoma ni wangapi? Mimi hisa ya benki ya CRDB niliichukua 2009 kwa shilingi 150. Kuna miaka ilikuwa chini ya hapo, dalali wangu mwenyewe ananishauri niachane nayo. Nilikuwa nasoma hesabu, naona mambo yanabadilika, nikaongeza. Leo sijutii. Hapo si nilichagua?

#17 Mhasibu wa Zamu

@Bwana Shilingi nakuvulia kofia, ulikuwa unataka muhtasari kumbe una nondo ndani.

Hoja yako ina nguvu. Pale ambapo hakuna anayesoma, anayesoma ana nafasi. Lynch mwenyewe alipenda kampuni zenye jina la kuchosha ambazo mchambuzi hajazitembelea mwaka mzima. Ila ukiwa meneja wa mfuko Dar shida inageuka upande wa pili. Wewe ulihitaji hisa elfu kadhaa. Meneja wa mabilioni akitaka kuingia kwenye hisa isiyouzwa siku nzima, yeye mwenyewe ndiye anaipandisha bei akinunua, na anaiangusha akiuza. Faida yako ilitokana na udogo wako, kama Magellan wa 1977.

Hesabu yenyewe ya sinia bado ipo, Dar pia. Kilichoongezeka ni umbali kati ya aliyesoma na asiyesoma.

#18 Kifaru Mweupe

Mkuu tusaidie sisi wa kawaida. Mtu ameshika karatasi ya mfuko mezani. Aangalie nini?

#19 Mhasibu wa Zamu

Mimi nilivyoiendea ile ya binamu:

Nilianza na jina la meneja na mwaka alioanza. Rekodi ya miaka kumi na meneja wa miaka miwili ni vitu viwili tofauti. Picha ya binamu haikuwa na jina la meneja yeyote.

Kisha ada, zote, ya kuingia, ya mwaka, ya kutoka. Watu wanaona 1.5% ni chenji. Milioni 10 kwa miaka 25 ikikua 8% kwa mwaka inakuwa milioni 68 na nusu. Ikikua 6.5%, kwa sababu 1.5% inaliwa, inakuwa milioni 48 na kidogo. Hapo umewalipa milioni 20 kwa ile "chenji".

Kisha kapu lenyewe: hisa kumi za juu ni zipi. Zikifanana na kumi za juu za fahirisi, uliza unalipia nini. Na wanajilinganisha na nini. Mfuko wa hisa ukijisifu kwamba umeishinda akaunti ya akiba, funga karatasi.

Mengine yote, rangi, mistari, picha ya familia inacheka ufukweni, ni ya fundi wa kuchora.

Kikundi tumekaa jana. Nilisoma haya yote kwa dakika ishirini, nikajua nimewachosha. Mwenyekiti akamwuliza binamu swali moja tu: "Huyo anayeendesha sasa hivi anaitwa nani?" Binamu akasema atauliza aliyemtumia picha. Akaunti ya muda maalumu haijavunjwa, tumepeana hadi mwisho wa mwezi.

#20 Mama Vipodozi

Kaka yangu, mimi sikungoja mwisho wa mwezi. Ile sabuni ya katoni nne, nimemtafuta mwenye kiwanda, nikakuta kampuni mama iko kwenye soko la hisa nje huko. Mwanangu wa chuo kanishushia ripoti yao ya mwaka, kurasa mia na sitini. Tumeitafuta sabuni jana usiku mpaka umeme ukakatika.

Haina mstari wake. Imetiwa kwenye "bidhaa nyingine", pamoja na dawa za mbu na mishumaa.

Kwa hiyo hisa siinunui. Ila nimeagiza katoni sita.

#21 Mhasibu wa Zamu

Dada, hapo umefanya kazi ambayo sisi kumi na wanne hatukuifanya. Ukipata ripoti ya mwaka uliotangulia angalia kama hizo "bidhaa nyingine" zimekua kuliko kampuni nzima. Zikikua, rudi hapa.